Tupeane uzoefu: umepandishwa cheo, na unaowasimamia ni wenzako wa jana

Bi Mdogo wa Mikindani
Habari zenu, wanajamvi. Mdogo wangu wa kike amekabidhiwa barua ya usimamizi wa zamu katika kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara, na kuanzia Jumatatu atawasimamia akina mama aliokaa nao benchi moja, ambao baadhi yao ndio waliomfundisha kumenya ganda la ndani bila kuivunja punje. Kazi yenyewe anaiweza. Ukimwekea korosho kiganjani atakuambia kwamba hizi ni W320, yaani zile zinazoingia hadi punje 320 katika ratili moja, na hizi ni W240, bila hata kuzipeleka kwenye mizani. Kinachomkosesha usingizi ni namna ya kumwambia mtu mwenye umri wa mama yetu kwamba trei yake ina vipande vingi mno. Mliopitia huko, mlianzaje?

Ming'oko
Aanze na shikamoo kama alivyokuwa akianza siku zote, kisha aiangalie trei.

Ghala la Pili
Dada, umenirudisha mbali. Mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani korosho za wakulima kuwekwa ghalani na kutolewa stakabadhi hadi mnunuzi azichukue, ulikuwa bado mchanga huku Kusini, kwani ulianza na msimu wa 2007/2008, nami nilikuwa mpimaji wa kawaida katika ghala moja ambalo sitalitaja. Katikati ya msimu nikafanywa mkuu wa zamu. Rafiki yangu, ambaye tulipanga naye chumba kimoja pale Magomeni, akabaki kwenye kuchukua sampuli.

Usiku mmoja likaja lori kutoka chama cha msingi cha wakulima, na foleni nyuma yake ilikuwa ndefu. Rafiki yangu alichoma magunia machache kwa bambo, ile chuma yenye mfereji ya kutolea sampuli, akaangalia, akaruhusu yashushwe. Mimi nilikuwa napita tu. Gunia moja lilipofunguka mshono na korosho zikamwagika sakafuni, nikasimama, kwa sababu korosho kavu huwa na mlio wake inapoanguka, nami sikuusikia. Nikachukua bambo na kuchoma gunia kwa chini badala ya juu. Za juu zilikuwa kavu kabisa. Za chini zilikuwa na ubaridi ambao mtu yeyote aliyekulia katika korosho anaujua kwa vidole. Nikachoma la pili na la tatu, hali ikawa ile ile.

Nikasema kwamba lori linarudi. Rafiki yangu akacheka mbele ya watu wote, akasema, "Mwanangu, umeota mapembe? Jana uliniomba chumvi." Makuli nao wakaacha kazi. Hawakugoma kwa maneno. Mmoja alikaa juu ya gunia, wa pili akakaa, kisha wote wakakaa na kunitazama, huku dereva akipiga honi. Sijawahi kuona usiku mrefu kama ule. Hata mzee mmoja wa makuli, aliyekuwa akiniita mjukuu na kunigawia muhogo wake, aligeuza uso.

Wanaojua kazi hii wanaelewa kwa nini nisingeweza kunyamaza. Ghala likishatoa stakabadhi yenye uzito na daraja, limekubali kwamba mzigo huo upo na uko hivyo. Korosho zikipungua uzito kwa kukauka au zikiota ukungu kabla ya mnunuzi kuzichukua, ni ghala litakaloulizwa.

Niliwaambia makuli wakanywe chai. Rafiki yangu nikamwita nyuma ya mizani, tukiwa wawili, nikamwambia, "Lori hili linarudi kuanikwa. Sikuulizi umepewa nini. Likipita jingine la namna hii nitaandika, na jina litakuwa lako." Hakunijibu. Makuli waliporudi, lori lilikuwa limeshageuzwa, wakaendelea na lililofuata. Mwisho wa mwezi mwenzangu alihama chumba, akaondoka na jiko la mafuta ambalo tulichanga wote wawili.

Muuguzi wa Lindi
Hilo la jiko limeniuma kuliko lori.

Mkulima wa Tandahimba
Samahani, lakini mimi sioni ushujaa hapo. "Sikuulizi umepewa nini" ni kulindana, tena kwa lugha tamu. Ungeuliza papo hapo na kuandika papo hapo. Aidha, korosho zilizorudi zilikuwa za wakulima wengi, na waliokausha vizuri wamechelewa kulipwa kwa ajili ya wachache waliochanganya. Gharama ya lori kwenda na kurudi ilibebwa na nani?

Ghala la Pili
Mzee wangu, nakuheshimu, lakini ningeandika nini bila ushahidi? Nilichokuwa nacho ni magunia yenye unyevu, na hayo niliyaandika kwenye kitabu cha ghala usiku ule ule. Kuhusu gharama, magunia yale yalipaswa kukaguliwa chamani kwenu kabla hayajapakiwa.

Mkulima wa Tandahimba
Chamani kwetu hukujui.

Ming'oko
Ndugu zangu, bei ya korosho ina uzi wake. Hapa tunamsaidia binti wa Mikindani.

Muuguzi wa Lindi
Nirudi kwenye swali. Mimi nilipofanywa kiongozi wa wodi, jaribu la kwanza halikuwa ukali wala upole, bali ratiba ya zamu. Ulipokuwa miongoni mwao mlikuwa mnailalamikia pamoja. Siku unapoishika wewe kalamu, kila mmoja anakumbuka wema aliokutendea. Sikukuu ya Idi ilikuwa inakaribia, na kwa pwani yetu hii mnajua maana yake. Marafiki zangu wawili wa karibu walinifuata nyumbani usiku, mmoja na sahani ya visheti, wakitaka siku ile wapumzike wote. Nilivipokea visheti, kwa kuwa kukataa chakula cha mtu aliyekuja kwako ni tusi, lakini majina niliyaacha yalivyokuwa. Nilichokifanya ni kubandika ukutani ratiba ya Idi na ya Krismasi kwa pamoja, ili kila mtu aone kwamba anayefanya kazi sikukuu hii anapumzika ile. Manung'uniko yalikuwepo, lakini yalikuwa ya ukutani, si ya kwangu.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia ni upatu. Nilikuwa kwenye mchezo wa fedha na watu wale wale ninaowasimamia. Unamwandikiaje onyo mtu ambaye mwezi ujao ndiye anayekusanya michango ya kukulipa wewe? Kwa maoni yangu, binti ajitoe mapema.

Mtani wa Nachingwea
Ajitoe kwenye upatu? Huo ni ushauri wa mtu ambaye ameshapokea. Abaki, atoe mchango wake kwa wakati, na wakimwona anatoa kwa wakati watajua kwamba hata kazini hana mchezo.

Mimi ni mwalimu, na nilianza kwa kukaimu ukuu wa idara bila barua, jambo ambalo simwombei hata mtani wangu. Unapokaimu kwa mdomo, kila agizo lako linajibiwa kwa swali la "kwani wewe ni nani?", na jibu huna. Kwa kuwa binti ana barua, aombe mkuu wake amtambulishe mbele ya zamu nzima kabla hajatoa agizo lolote. Asijitambulishe mwenyewe. Na kundi la WhatsApp la wafanyakazi likinyamaza ghafla baada ya Jumatatu, ajue limeundwa jingine ambalo yeye hayumo. Asiulize, asipeleleze, asitafute wa kumpenyezea habari. Wanahitaji mahali pa kumsema, kama sisi tulivyokuwa tukiwasema wakubwa wetu.

Mzee wa Utumishi
Nimestaafu katika kazi ya utumishi, kwa hiyo mtaniruhusu niongeze ambalo vijana wengi hulisahau wanapopewa cheo: kujiamini kwingi hutokana na kuijua sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na hulipwa kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu. Msimu ukipamba moto, meneja atamwambia binti awazuie akina mama hadi usiku. Asipoijua hesabu hiyo, lawama zitamwangukia yeye aliyesimama mbele yao. Vilevile, mtu akituhumiwa na ikafika hatua ya kusikilizwa, kanuni za mwaka 2007 zinampa muda ambao kwa kawaida haupungui saa 48 wa kujiandaa. Bwana wa ghala alifanya vyema kutomhukumu mwenzake mbele ya makuli.

Mkulima wa Tandahimba
Sasa mnaniletea na sheria. Sawa, kwa hilo la kumwita pembeni nakubali, ila kwa lori sikubali.

Bi Mdogo wa Mikindani
Asanteni sana. Nimemsomea kwa simu, akacheka kwenye jiko na akanyamaza kwenye saa 45. Anasema ataanza kwa kukaa na yule mama peke yao kabla ya kengele ya asubuhi, amwamkie, kisha amwombe waiangalie trei pamoja punje kwa punje, badala ya kumtangazia hesabu ya vipande mbele ya benchi. Shida iliyobaki ni upatu, kwa sababu mtunza fedha ni mdogo wangu mwenyewe.

Ming'oko
Mtunza fedha! Basi asithubutu kujitoa. Watasema amekimbia nazo.

Muuguzi wa Lindi
Akabidhi daftari mbele ya wote, wahesabu, wasaini, ndipo ajitoe.

Mtani wa Nachingwea
Na wewe, dada muuguzi, ulijitoa lini?

Muuguzi wa Lindi
Mtani, zamu yangu ya kupokea ni mwezi ujao. Nitajitoa baada ya hapo.