Yule aliyetupungia mkono kwenye fainali ya raga ya leo HANA ADABU HATA CHEMBE

Mfia Timu:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, kwa hiyo mtu asije hapa kunisahihisha herufi.

Najua mmeiona. Hakuna asiyeiona. Simtaji jina, jina lake halina hadhi ya kuingia kwenye uzi wangu, na isitoshe kila mtu humu anamjua. Nambari 15 wao. Yule yule wa kila msimu. Ndiyo, huyo huyo unayemfikiria.

Dakika ya 77, tuko mbele 20–16. Mpira wetu, tuko kwenye nusu yao, kazi iliyobaki ni kuulalia kwenye raki, lile rundo la wachezaji juu ya mpira, mpaka saa iishe. Nambari 9 wetu anatoa pasi, huyu kiumbe anainasa hewani, anaondoka nayo. Sawa. Raga ndivyo ilivyo, pasi ikinaswa imenaswa, sina ugomvi na hilo. Mbele yake hakuna mtu. Anayemkimbiza ni beki wetu wa nyuma peke yake, kijana aliyecheza kipindi chote cha pili na goti limefungwa bandeji. Goti likakataa. Akaanguka hata hajamgusa.

Na hapo ndipo alipopunga.

Alipunga, jamani! Hata laini ya trai hajaivuka, ile unayovuka ndipo uuguse mpira chini upate pointi tano! Akapunguza mwendo, akageuza shingo, mpira kaukumbatia kwa mkono wa kushoto, wa kulia akauinua, akaanza kukunja vidole kimoja baada ya kingine. Polepole. Kwa raha zake. Kamera ikamvuta karibu mpaka plasta nyeupe ya kwenye kiganja ikaonekana imeanza kubanduka. Alipunga muda mrefu utadhani anasindikiza ukoo mzima uwanja wa ndege. Mvua ingenyesha ikakatika bado anapunga tu. Nyasi zimeota pale uwanjani bado anapunga.

Kijana wetu yuko chini kwa magoti, uso umejaa tope, anamwangalia. Na yeye anampungia.

Dakika zilizobaki sina hamu ya kuzisimulia. Mkwaju wa pointi mbili ukaingia, 23–20, kipyenga, wakachukua kombe. Kombe wachukue, wakaliweke wanakotaka. Lakini ule mkono! Msimu mzima wa kuvunjika mbavu, kushonwa nyuzi usoni, halafu mtu anakuja kumpungia mwenzake aliye chini? Refa kaangalia. Refa wa video naye karudia picha, akatafuta kama mpira uligusa nyasi, mkono haukuwa na habari naye. MKONO HAKUUONA?

Nawasilisha, na nikiona mtu anamtetea hapa tusijuane.

Nguzo ya Kushoto:
Kaka, umeongea yaliyo moyoni mwangu. Mimi nilizima televisheni pale pale. Trai ningeivumilia, ule mkono hapana.

Kipyenga cha Mwisho:
Tulia dawa iingie. 👋👋👋

Mfia Timu:
Huyo hapo juu ndiye ninayemsema. Wako hivi wote, klabu nzima, kuanzia kocha mpaka mwokota mipira.

Kipyenga cha Mwisho:
Mkuu, 23–20. Mengine ni povu. 👋

Mwana wa Sheria:
Tuweke ushabiki pembeni kidogo. Sheria ya 9.27 iko wazi, mchezaji haruhusiwi kufanya jambo lolote lililo kinyume na uanamichezo, na adhabu yake ni penalti. Alipunga kabla ya kuugusisha mpira chini, yaani mchezo ulikuwa bado unaendelea. Refa angetaka, ile trai angeifuta na kuwapa nyinyi penalti.

Mfia Timu:
ASANTE! Mnasikia? Ingefutwa! Alipunga KABLA! Nimesema tangu mwanzo, hajavuka laini!

Mwana wa Sheria:
Nimesema angetaka. Marefa wengi hawaigusi sheria hiyo kwa ishara ya mkono tu, wanaitumia mambo yakizidi.

Mfia Timu:
Yazidi mara ngapi? Alitaka apunge kwa miguu?

Njano na Bluu:
Mkuu pole, ila kaa chini usikilize wenye vidonda vikongwe. Mimi ni wa Clermont. Fainali ya Ulaya 2013, Dublin, sisi na Toulon, Wafaransa kwa Wafaransa. Tuko mbele 15–6 kipindi cha pili. Wilkinson wao akapiga penalti, 15–9. Halafu Delon Armitage wa Toulon akachomoka na mpira, Brock James wetu anamkimbiza, na Armitage anamwangalia usoni na kumpungia mkono wa kwaheri akiwa bado anakimbia. Trai. Wilkinson akaongeza mbili, 16–15. Pointi moja! Huyo wenu kaiga tu, wa kwetu ndiye mwasisi.

Mfia Timu:
Ndugu, nakuonea huruma, lakini Brock James alikuwa amesimama kwa miguu yake. Wetu alikuwa CHINI. Mtu aliyeanguka humpungii.

Njano na Bluu:
Kwa hiyo tunashindania nani kapungiwa vibaya zaidi? Sisi tulipoteza fainali kumi za ubingwa wa Ufaransa kabla ya kulichukua kombe mwaka 2010. KUMI. Na baada ya hiyo ya Dublin, Toulon haohao wakatufunga tena fainali ya Ulaya 2015, 24–18. Wewe una mkono mmoja tu unaita watu kwenye uzi.

Kipyenga cha Mwisho:
😂😂😂 Mfia Timu umepata mwalimu leo.

Bluu Milele:
Wa Clermont wakishalia naomba zamu yangu, maana mimi ni wa Leinster. Fainali ya Ulaya 2022 tumefungwa na La Rochelle 24–21, wametutia trai dakika ya 79. 2023 ni haohao La Rochelle, tena nyumbani kwetu Dublin. Tulikuwa mbele 17–0, robo saa ya kwanza haijaisha! Wakarudi, 27–26. 2024 na Toulouse, 15–15, dakika za mwisho Frawley wetu anapiga dropu goli (mkwaju wa kuudundisha mpira kwanza) la ubingwa, linapita pembeni ya nguzo, tunakufa kwenye muda wa nyongeza, 31–22. Fainali tatu mfululizo. Hatukupungiwa mkono na mtu na bado usingizi hatuupati.

Nguzo ya Kushoto:
Mngepungiwa mngejua. Bora kufungwa na mtu mwenye heshima zake.

Bluu Milele:
Dada, hiyo heshima unaifunga kwenye ubao wa matokeo?

Mfia Timu:
Jamani, tusihame mada. Uzi unahusu MKONO. Nimeirudia ile picha sasa hivi. Kuna sehemu anapunga huku anacheka. Meno yote nje, na kilinda meno amekisogeza pembeni ya mdomo ili acheke vizuri. Yaani alipata muda wa kukisogeza! Kwenye fainali! Mpira ungemponyoka pale ningechinja ng'ombe.

Propu Mstaafu:
Ungemponyoka ndiyo, lakini haukumponyoka. Nami niulize swali moja. Baada ya trai yao, dakika ya 79, mlipata penalti mbele ya nguzo kabisa, mita kama thelathini hivi. Mngeipiga ile penalti golini kwa pointi tatu ingekuwa 23–23, mnaingia muda wa nyongeza. Nahodha wenu akaupiga nje kutafuta laini-auti, yaani mpira wa kurushwa kutoka pembeni, wakawaibia mpira hewani, mechi ikaisha. Huo mkono ulimshika nahodha wenu?

Kipyenga cha Mwisho:
HAPO SASA.

Mfia Timu:
Hiyo siyo mada ya uzi huu.

Propu Mstaafu:
Ndiyo mada yenyewe. Unalilia vidole vya mtu, kombe limepotea kwa uamuzi wa nahodha.

Nguzo ya Kushoto:
Nahodha alikuwa sahihi! Moli yetu, lile kundi linalosukuma mpira ukiwa mikononi, ilikuwa inawasukuma mechi nzima, trai yetu ya kwanza imetokea hapo hapo. Ungepiga pointi tatu, ungecheza dakika 20 nyingine na beki wa nyuma hana goti?

Propu Mstaafu:
Kwenye fainali unachukua pointi, mdogo wangu. Unachukua pointi, unachukua pointi tena, unaenda nyumbani na kombe.

Njano na Bluu:
Mwambie wa Leinster hayo. Ile ya 2022 walichukua pointi zote za dunia.

Bluu Milele:
Ni kweli, na inauma. Penalti saba tulipiga siku ile, Sexton sita na Ross Byrne moja, pointi zote 21 ni za miguu. Trai hakuna. La Rochelle wakatia trai tatu wakaondoka na kombe. Kwa hiyo Propu Mstaafu, hilo somo lako la kuchukua pointi sisi tulishalilipia ada.

Propu Mstaafu:
Mlipoteza kwa sababu hamkuulinda mstari wenu dakika ya mwisho. Si kwa sababu ya kupiga penalti. Mngeziacha zile saba mngefungwa 24 bila.

Bluu Milele:
Au tungetia trai mbili tatu tukawa mabingwa. Huwezi kujua.

Mwana wa Sheria:
Mimi niko na Propu. Ukibaki nyuma pointi tatu na dakika moja, penalti mbele ya nguzo haijadiliwi. Ukiwa nyuma nne au tano, hapo ndipo unaupiga nje.

Mfia Timu:
Nyinyi mnajadili hesabu. Mtu ALIPUNGA MKONO. Hivi nikija kukusimamia ukiwa umeanguka nikakunja vidole hivi, kimoja kimoja, utaniambia habari za penalti mbele ya nguzo? Yule kijana kakaa pale chini mpaka watu wa huduma ya kwanza wakaja kumwinua, na wachezaji wao wamempita pembeni kama hayupo, wanakimbilia kumkumbatia mpungaji. Hata mmoja hakunyoosha mkono kumwinua. Huo ndio mkono nilioutaka mimi.

Nguzo ya Kushoto:
Nakazia. Zamani ukimaliza mechi unampangia mwenzako njia ya kupita, unampigia makofi. Hawa walipanga njia huku wanapiga picha.

Mzee wa Skramu:
Vijana, mnalia mkono wa hewani. Mimi nitawaambia mkono uliobeba kombe. Tarehe 25 Mei 2002, Cardiff, fainali ya Ulaya, Leicester na Munster. Leicester mbele 15–9, mechi inaishia, Munster wana skramu, wanane kwa wanane wanasukumana kugombea mpira, mita chache tu kutoka laini ya trai. Peter Stringer anashika mpira auingize, Neil Back wa Leicester anaupiga kwa mkono, mpira unaingia upande wa Leicester. Refa yuko upande wa pili, haoni. Wakautoa, mechi ikaisha. Back mwenyewe hakukana. Huo ndio mkono.

Kipyenga cha Mwisho:
Shikamoo mzee. Huo nao ni utapeli uliokubuhu, tukubaliane.

Mzee wa Skramu:
Marahaba. Na ungetokea leo refa wa video angeuona. Ila skramu ya siku hizi ndiyo inayoniua mimi. Fainali ya leo nimeangalia skramu ikianguka, ikapangwa, ikaanguka, ikapangwa tena, saa inakimbia. Sheria inawapa sekunde 30 kuwa tayari, na kila mara ikianguka hesabu inaanza upya. Raga ya dakika 80 tunaangalia watu wanafunga kamba za viatu.

Propu Mstaafu:
Mzee hapo sikubali. Skramu huwa zinaanguka kwa sababu propu, wale wa mstari wa mbele wa skramu, wa siku hizi wana uzito mkubwa na nyasi hazishiki. Kilo zaidi ya mia tisa zinakutana na kilo zaidi ya mia tisa. Unataka zisimame wima kama kwaya?

Mzee wa Skramu:
Zilikuwa zinasimama wakati wetu.

Propu Mstaafu:
Wakati wenu uzito ulikuwa mdogo na pakiti, wale wanane wa kila upande, zilikuwa zinakutana bila hesabu, shingo za watu zikawa zinavunjika. Ndiyo maana refa anawapanga sasa: inama, shikana, ingia. Imepunguza maumivu.

Mwana wa Sheria:
Nakubaliana na Propu kwenye usalama, nakubaliana na Mzee kwenye saa. Wasimamishe saa skramu ikianguka, basi.

Bluu Milele:
Wakisimamisha saa mechi itachukua saa tatu. Tayari mkwaju wa baada ya trai wameupunguza mpaka sekunde 60 ili twende haraka.

Mfia Timu:
Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Klabu yao imetoa taarifa na hakuna neno hata moja kuhusu mkono. Picha waliyoiweka juu ya taarifa ni ILE ILE YA KUPUNGA.

Njano na Bluu:
Pole ndugu. Mzee, kwani propu wa kushoto wa leo yule si ndiye aliyekuwa anaingia kwa pembe kila skramu? Maana nimemwona mara mbili anageuza nyonga kuelekea ndani na refa anampa faida mwenzie.

Mzee wa Skramu:
Umemwona vizuri kabisa. Na si mara mbili. Angalia skramu ya dakika ya 34, uangalie mguu wake wa nje ulipo, halafu uje hapa tuzungumze.