Tangu tupinduke, kasia langu linachelewa. Nijitoe timu?

Mbele_Kushoto: Wakuu, habari zenu. Niko timu ya rafti, ile boti ya mpira ya kushuka mto wenye mawimbi. Tuko wanne, nakaa mbele kushoto. Wiki sita zilizopita tulipinduka kwenye maji makali, ya daraja la nne la ugumu, nikabaki chini ya boti. Sekunde chache tu, lakini kila nikiinua kichwa nakutana na mpira. Sikuumia popote. Ila tangu siku ile tukikaribia wimbi kubwa mkono unasita: wa nyuma yangu keshachota maji, kasia langu bado liko hewani, boti inapinda. Kwenye slalomu juzi, mbio za kupita kati ya nguzo zinazoning'inia juu ya mto, tuligusa nguzo za mageti mara mbili. Sekunde kumi za adhabu hizo, na wote tunajua zimetoka kwa nani. Hawanilaumu, na hapo ndipo panaponiuma. Kocha kazi yake "usiogope, usiogope!" Akisema hivyo ndiyo naogopa zaidi. Mashindano wiki tatu zijazo.

Mzee_wa_Mawimbi: Maji huzoewa, kijana. Rudi palepale upinduke tena mara tano, woga utakukimbia wenyewe. Sisi hatukubembelezwa.

KochaMstaafu: Mzee, shikamoo, lakini hapo nakupinga. Nimeona dawa hiyo ikimtoa mtu mtoni moja kwa moja. Wanasaikolojia Deci na Ryan wanataja mahitaji matatu ya mtu: kujiamulia, kujiona anaweza, na kuwa na watu wake. Kijana wetu kayumba kwenye yote matatu, halafu tumsukume tena?

Mbele_Kushoto, anza kwenye maji yaliyotulia. Pindueni boti makusudi, uingie chini yake. Mikono juu ya kichwa, papasa sakafu ya boti ukienda upande mmoja tu, usigeuke, mpaka ufike ukingoni. Rudia hadi uchoke nalo. Kupanda daraja la ugumu wa maji uamue wewe, si kocha. "Usiogope" mwambie aiache, inakukumbusha woga wenyewe. Chagua neno la kazi, mfano "chota", ulitumie kasia linapogusa maji. Kabla ya kuondoka, toa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyovuta.

Dada_Nahodha: Naongezea. Kaeni wote botini nchi kavu, makasia mkononi, macho mmefumba, mpite njia nzima kichwani kwa muda uleule wa mtoni. Wekeni na kosa humo, mlirekebishe. Ukiwaza safari safi tu, siku likitokea utaganda. Na waambie wenzako mkono unasita wapi hasa. Mimi kama nahodha nikijua, naita amri mapema. Nisipojua nakisia, na kukisia kwenye maji makali yenye povu ni balaa. Kama usiku unaota uko chini ya boti au tukio linakurudia mchana, wiki sita ni nyingi, muone mwanasaikolojia. Hilo si la kocha tena.

Mbele_Kushoto: Ndoto zipo, dada, nilikuwa naona aibu kuandika. Nitamtafuta. Kocha, hilo neno niseme kwa sauti au moyoni?

KochaMstaafu: Kwa sauti. Wa nyuma yako analihitaji pia.