Naomba ushauri: bondi inahama lakini monoksidi haiingii

Makulu: Habari zenu wakuu. Ninasoma shahada ya uzamili ya kemia hapa Dodoma, na ninajaribu kugeuza methili oleati (esta ya asidi ya mafuta) ya alizeti, kwa kuiongezea monoksidi ya kaboni, kuwa esta yenye ncha mbili na kaboni 19, inayofaa kutengenezea plastiki. Kila nikipima ninakuta bondi maradufu imetoka kaboni ya 9 na kutawanyika mnyororo mzima, monoksidi ya kaboni haikuingia, na chini ya chombo pamebaki unga mweusi. Zimebaki wiki 6 niwasilishe. Je, niongeze joto?

Mkulima wa Singida: Mdogo wangu, sisi wenye mashamba huuza alizeti wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kwa sababu ada za watoto hazisubiri. Mwaka jana niliuza hata mbegu. Kazi yako ikifanikiwa, mtukumbuke.

Zabibu: Kuhama kwa bondi ndiyo njia yenyewe. Paladiamu, yaani metali ya kichocheo chako, ikiwa na hidrojeni huishika bondi na kuiachia hatua moja pembeni, tena na tena, hadi ifike ncha ya mnyororo, ambako monoksidi hupenya na methanoli hukamilisha esta. Unatumia ligandi gani, yaani molekuli inayoishikilia paladiamu na kuiongoza?

Makulu: Fosfini ya kawaida, ligandi yenye fosforasi.

Zabibu: Ipi?

Makulu: Trifenilifosfini. Nimeshaandika sura nzima ya mbinu nikiitaja, na difosfini yenye butili nene (ligandi yenye fosforasi mbili na matawi manene) ni ghali.

Zabibu: Hiyo nene ndiyo huipeleka monoksidi kwenye ncha, na ndiyo inayotumika kiwandani Singapore tangu 2008 kutengeneza methili propanoati, malighafi ya plastiki ya akriliki. Unga wako ni paladiamu iliyojitenga, joto litaizidisha.

Mwalimu Mstaafu: Vijana, gesi hiyo ya monoksidi ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Haina harufu. Shahada haina thamani ya uhai wako.

Mchunguzi: Nina shaka na uzi huu. Anayepata chombo cha presha na paladiamu anakosaje methili oleati safi? Umeinunua wapi?

Makulu: Si hadithi. Chombo ni cha maabara tuliyoazima, yenye kengele ya gesi. Esta niliitengeneza mwenyewe kutokana na mafuta ya kukamua, bila kuyatenganisha.

Zabibu: Hilo ungelisema mwanzo! Alizeti ya kawaida ina linoleiki nyingi, asidi ya mafuta yenye bondi maradufu mbili. Bondi zake hizo mbili husogeleana na kuifunga paladiamu.

Makulu: Kesho nitapima linoleiki. Kuhusu sura ya mbinu, naomba mnipe siku mbili.