Mtoto akisema Kipemba darasani, asahihishwe?

MWANZISHA MADA
Assalamu alaykum. Naleta hapa mzozo uliozuka kwenye kikao cha wazazi katika skuli moja ya huku Pemba, maana kikao kilivunjika bila ya jawabu na watu wakatoka wamenuniana. Mzazi mmoja alisimama na daftari la insha la mwanawe, limejaa wino mwekundu: hatokuja, hichi, kenda, penye hatakuja, hiki, amekwenda za vitabuni. Maalim akasema kazi yake ni kufundisha Kiswahili, na hayo ni makosa. Mzazi akauliza: makosa kwa nani? Si ndivyo tusemavyo sote humu, na wewe maalim ukiwa barazani pia?

Mimi niko upande wa mzazi. Nilipopelekwa kusoma Unguja mjini, udogoni, nilichekwa darasani kwa ninavyolitaja jina la kisiwa chetu. Sisi P ya Pemba tunaitoa na pumzi. Nikaambiwa niseme vizuri, na kwa miaka mingi nikawa na tahadhari kila ninapotaja kwetu. Nimekuja kuelewa ukubwani pumzi ile ni kitu gani. Msikilize mzee wa Pemba akitaja kaa la moto, kisha akitaja kaa wa baharini. La kwanza halina pumzi, la pili linayo. Paa la nyumba na paa wa msituni, hali ni hiyo hiyo. Kwenye maandishi yamefanana, kwenye kinywa hayafanani. Majina ya wanyama hao wawili yamo katika ngeli moja na mbuzi, ng'ombe na ndege, ngeli ambayo neno kwa asili yake huanza na m au n. Mbele ya b, d na g sauti hiyo tunaisikia mpaka leo. Mbele ya p, t na k ilimezwa zamani, ikaacha pumzi mahala pake. Kwa hivyo mtoto aliyechekwa alikuwa amebeba kipande cha sarufi ambacho alfabeti ya vitabuni haikupata hata herufi ya kukiandika.

Sasa nauliza: tuendelee kuyaita haya makosa?

MZAZI WA MKOANI
Ndugu yangu, maneno yako matamu, lakini mimi nina mtoto wa kidato cha nne. Mtihani unatoka Baraza la Mitihani la Tanzania na msahihishaji huenda ni mtu wa Tabora au Songea. Hatomuuliza mwanangu habari za pumzi. Atakata maksi. Maalim akimwonea haya leo, mwakani nani atamwonea haya?

WA VUGA
Mimi nitasema wazi. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, na kilichaguliwa kwa kuwa ndicho kilicho safi. Lugha isipolindwa huharibika, na tunaona inavyochezewa huko bara. Tukiwaachia watoto kila mmoja aandike kama asemavyo bibi yake, tutabakiwa na Kiswahili gani? Kipemba kizuri kwa ngoma na hadithi. Darasa ni pahala pengine.

MWANZISHA MADA
Sheikh wangu wa Vuga, kilichaguliwa kweli, lakini sababu sizo hizo. Mkutano ulikuwa Mombasa mwaka 1928, na 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kulikuwa na mshindani mkubwa, Kimvita, lahaja ya Mombasa, ambacho wamishionari wa upande wa Mombasa tangu enzi za Krapf walikuwa wakikitumia. Kiunguja kilikuwa tayari kimesafiri na misafara ya biashara mpaka maziwa makuu, na Askofu Steere na wenzake walishakiandikia sarufi na vitabu. Kilishinda kwa kuenea. Lau bandari kubwa ya karne ile ingekuwa Mombasa, leo wewe ungeandikiwa wino mwekundu kwa kusema mchele badala ya mtele, njia badala ya ndia, kucheka badala ya kuteka.

Hebu yatazame maneno hayo kwa utulivu. Katika kundi kubwa la maneno, penye ch yako Mmvita ana t, na penye nj yako yeye ana nd: njaa na ndaa, njoo na ndoo. Kitu kinachoharibika hakiharibiki kwa mpango namna hiyo. Huu ndio msingi wa elimu ya mabadiliko ya lugha: sauti hubadilika kwa kanuni, na kwa kufuata kanuni hizo wataalamu hurudi nyuma mpaka kwenye lugha ya kale iliyozizaa za leo. Ndivyo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walivyofanya katika utafiti walioutoa mwaka 1993, wakaonesha kuwa lahaja zetu zote ni ndugu na Kikomoro, Kimijikenda, Kipokomo na Kielwana, ukoo walioupa jina la mto Sabaki.

Na huo usafi wa Kiunguja? Sema mvua. Mchewa wa Malawi, ambaye lugha yake ni ya Kibantu kama yetu, anasema mvula. Sema njaa, yeye anasema njala. Sisi tuliidondosha l. Si hadithi tu, ushahidi umo kinywani mwako: unasema kuzaa, halafu unasema kuzaliwa. Kununua, kununuliwa. Kupokea, kupokelewa. Kukaa, kukalia. Hiyo l imetoka wapi? Haikuja, ilikuwapo siku zote, na katika vitenzi hivi imebaki pale ambapo haikuwa katika silabi ya mwisho. Mimi jambo hili nilipolifahamu nilikaa nikitamka vitenzi peke yangu usiku kucha, maana nilikuwa nikiyasema tangu utotoni na sikuwahi kuyasikia. Kwa kipimo chako, kuzaa ni kuzala kulikoharibika, na sanifu yote imejaa maharibiko.

Nao wino mwekundu wa hichi: tunasema changu, chako, hicho, ambamo ki mbele ya irabu imegeuka ch, kama katika chakula na chombo. Naona mtoto anayesema hichi ameivuta ch ya hicho akaisawazisha. Amefanya mantiki ambayo lugha zote huifanya.

BI WA MAKUNDUCHI
Sisi lahaja yetu tunaiita Kikae, yaani ya kale, na hata jina lenyewe limedondosha l hiyo mnayoizungumza. Wajukuu zangu wa mjini wananijibu kwa sanifu nikiwasemesha Kikae. Hawajakatazwa na mtu. Wameona tu kuwa skuli hakisikiki. BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wametutolea makamusi ya lahaja, tunashukuru, lakini kamusi haimtumi mtoto dukani.

MAALIM WA WETE
Mimi ndiye wa kulaumiwa, si katika kisa hicho, lakini wino ninao. Nina watoto wengi mno kwenye darasa moja na kipindi ni kifupi. Mwanzisha mada, nikubali yote uliyosema. Kesho asubuhi insha arubaini ziko mezani, mtoto kaandika "Mama hatokuja, kenda Chake." Niandike nini?

MWANZISHA MADA
Maalim, Mungu akupe nguvu, swali lako ndilo swali khasa, na mzazi wa Mkoani nimemsikia vile vile. Andika pembeni: "sanifu: hatakuja, amekwenda". Usikate kwa mstari, na usiandike "kosa". Kosa liwe pale mtoto anapoandika asivyosema mtu yeyote, si Pemba wala pengine. Na mara moja kwa wiki, dakika kumi tu, waulize nyumbani kwao wanasemaje, waandike ubaoni safu mbili. Watoto wa Kojani na wa Wete hawatolingana wao kwa wao, na hapo utapata somo la sarufi bila ya kitabu.

MZAZI WA MKOANI
Na siku ya mtihani akiandika hatokuja, atapewa maksi?

MWANZISHA MADA
Hatopewa. Na hilo aambiwe mapema, kwa sababu ile ile ya kweli: mkutano wa Mombasa ulichagua lahaja ya Unguja mjini mwaka 1928 na mtihani unafuata chaguo lile. Asiambiwe kuwa mama yake hajui Kiswahili.