Mrejesho: Misuli ya nyuma ya mapaja kukakamaa

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini misuli ya nyuma ya mapaja hukakamaa ninapojinyoosha baada ya kukimbia kule Raskazone, Tanga. Nawashukuru nyote. Nilifuata ushauri wa kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi, badala ya kubugia lita nzima mwishoni, kwa kuwa takribani robo tatu ya msuli ni maji, na joto la pwani hututoa jasho jingi lenye chumvi. Mkojo umekuwa wa manjano hafifu, na misuli haibani tena usiku. Hata hivyo, nikiinama bado sigusi vidole vya miguu: maji pekee hayakutosha, hivyo sasa najinyoosha kila jioni mwili ukiwa umepata joto. Madafu nayo yalisaidia, au pengine nayapenda tu.