Wasifu wa Mwalimu, kabla ya hitma ya Jumapili

*Alhamisi, saa 2:10 usiku*

Da Mkubwa Tabata: Asalaam alaykum ndugu zangu. Wakubwa shikamooni. Wasifu wa mama wa kusoma Jumapili nimeumaliza, nimeutuma hapo juu. Kama kuna kilichosahaulika semeni leo, kesho asubuhi naupeleka ukachapwe.

Mjomba Kisarawe: Marahaba mwanangu. Nimeusoma wote, mara mbili. Umeandika vizuri, lakini nimehesabu. Kamati alizokuwamo umezitaja kumi na moja. Darasa umelitaja mara moja.

Da Mkubwa Tabata: Mjomba, nilitaka watu wajue alikofika. Mtoto wa kike kutoka Kisarawe enzi zile mpaka kuitwa profesa Chuo Kikuu, Mlimani, si jambo la kupita juu juu.

Mama Mkubwa Magomeni: Uprofesa usiuondoe. Mama yetu alikufa hajausikia. Wausikie wengine.

Mjomba Kisarawe: Siondoi dada, naongeza. Hawa vijana hawajui. Mimi nilimaliza la saba nikachukuliwa ualimu wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma, 1974, lilitaka ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani, na walimu wa kutosha hawakuwepo. Basi tukawa tunafundisha huku tunasoma, mengine kwa redio, mengine kwa posta. Nimekabidhiwa watoto chini ya mwembe hata ndevu sina. Yeye alishatoka chuo cha ualimu Chang'ombe, mwalimu kamili, akapangiwa kutulea sisi. Kila wiki anakuja na baiskeli. Namkabidhi andalio la somo, nimekesha nalo kwa kibatari. Analiweka pembeni. "Nipe madaftari ya watoto."

Binamu Mbagala: Mjomba hiyo hakuiacha mpaka mwisho! Wanachuo wake wakiwa mazoezi ya kufundisha walikuwa wanaambizana, Prof akija usihangaike na zana ukutani, ataenda nyuma kukaa na mtoto na daftari lake.

Binamu Mbagala: Na mimi nina langu, naomba liingie kwenye wasifu. Mwaka juzi nina darasa la pili, watoto zaidi ya mia chumba kimoja. Nimewapa imla ya namba. Nasema kumi na mbili, kundi kubwa wameandika 102. Nasema mia moja na tano, wanaandika 1005. Usiku nikampigia Mama Mdogo nimekasirika, nikamwambia hawa watoto la kwanza walifundishwa nini. Asubuhi namwona getini kashuka daladala, kwapani ana fungu la njiti za chelewa na mkononi rababendi.

Binamu Mbagala: Akamwita mtoto mmoja, nisomee ulichoandika. Mtoto akaweka kidole kwenye 10, akasema kumi. Akakisogeza kwenye 2, na mbili. Mama Mdogo akampa mkono kama anavyompa mtu mzima. Halafu akaniambia, huyu kaandika alichokisikia, neno kwa neno. Wewe ndiye uliyesema kumi, na mbili. Bado hajajua kwamba ile moja ikikaa kushoto ni fungu zima. Tulifunga njiti kumi kumi na kuzifungua siku nne mfululizo. Hakuniambia hata mara moja kwamba nimekosea kukasirika. Nilijijua mwenyewe.

Da Mkubwa Tabata: Jamani. Sikuwa najua kama alikuja Mbagala siku zote hizo. Alikuwa ameshastaafu na goti linamsumbua.

Baba Mdogo Temeke: Samahani kuwakatiza. Mchele umeshalipiwa, na turubai pia. Bado nyama. Wenye ahadi zao wanitumie kabla ya kesho adhuhuri.

Da Mkubwa Tabata: Sawa Baba Mdogo, nakutumia sasa hivi.

Da Mkubwa Tabata: Binamu, ulichosema ndicho kilichokuwa kwenye tasnifu yake yote. Makosa ya watoto wa darasa la kwanza mpaka la nne. Kuna sura nzima ya 42 kutoa 17, jibu 35. Nilimwuliza, mama, sura nzima kwa hesabu moja? Akachukua karatasi. Mtoto kaona 2 na 7, katoa ndogo kwenye kubwa, kapata 5. Kaona 4 na 1, kapata 3. Kafuata sheria, ila ni sheria aliyoitunga mwenyewe. Ukimwekea alama ya kosa ukapita, kesho anarudi na sheria ile ile.

Da Mkubwa Tabata: Aliandika kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa. Baadaye akaifupisha kwa Kiswahili, akarudufu kwa pesa yake na kuwagawia walimu wa msingi. Kwenye kupandishwa cheo kazi ile haikuhesabiwa. Mimi iliniuma sana. Yeye akaendelea kurudufu.

Mjomba Kisarawe: Hiyo iandike. Na andika kwamba 2005 Chang'ombe ilipofanywa chuo kikuu kishiriki alifurahi kama mtoto, akaomba kwenda kufundisha pale pale alipojifunzia ualimu.

Da Mkubwa Tabata: Naandika. Kamati nazipunguza zibaki mbili.

*Saa 3:47 usiku*

Mama Mkubwa Magomeni: Nimechelewa kuandika, vidole vyangu vizito. Mmeanzia UPE. Yeye kabla ya hapo alinifundisha mimi.

Mama Mkubwa Magomeni: 1973, mwaka wa Mtu ni Afya, kampeni ya afya ya redioni. Tulikuwa tunakaa kikundi jioni, redio katikati, yeye ndiye kiongozi wetu. Tukasikiliza habari za maji na vyoo, kesho yake tunachimba. Kitabu cha kampeni wenzangu walikisoma, mimi nilikuwa nakishika tu. Aliona kwamba sifungui ukurasa. Hakusema mbele za watu. Usiku akaja nyumbani na taa, akasema dada, nishike mkono nikuoneshe jambo. Mdogo wangu wa tumbo moja.

Mama Mkubwa Magomeni: Cha kwanza kukisoma peke yangu ni kadi ya kliniki ya mtoto. Jina la mwanangu lilikuwa limekosewa, na mimi ndiye niliyeliona.

Binamu Mbagala: Mama Mkubwa 😭

Da Mkubwa Tabata: Mama Mkubwa, hili sikuwahi kuambiwa. Naliweka mwanzo kabisa kama utaniruhusu. Na Jumapili tulikuwa tumepanga binamu ndiye asome wasifu.

Mama Mkubwa Magomeni: Weka. Herufi ziwe kubwa, macho siku hizi hayaoni vizuri. Nitausoma mimi.