Butiki hoteli za Mji Mkongwe: hela inalipa kweli au ni picha tu?

Mkwe wa Mbagala
Wakuu habari za jioni. Mwezi wa tano mimi na mama watoto tunatimiza miaka kumi ya ndoa, watoto tunawaacha kwa bibi yao, tunavuka Zenji siku tatu. Mimi mpango wangu ulikuwa uleule wa siku zote, gesti safi maeneo ya Darajani, hela inayobaki tukale pweza Forodhani. Sasa mwenzangu kaonyeshwa na shoga yake picha za hizi butiki hoteli za Mji Mkongwe, vile vihoteli vidogo vya kifahari kwenye majumba ya zamani, mara kitanda cha samadari, mara sinki la kuogea limekaa katikati ya chumba kama kochi, mara chai ya jioni juu ya paa jua linazama, basi hapo ndo nimekwisha. Nimepiga simu moja iko Shangani wakanitajia bei kwa dola, nikajifanya mtandao unasumbua nikakata.

Kwa waliowahi kulala huko, ile hela unalipia nini hasa? Na mtaa upi mzuri, maana mimi nikishaingia kwenye vile vichochoro hata bandarini kurudi siwezi.

Jembe Butu
Miaka kumi ya ndoa unampeleka mtu gesti ya Darajani?? Mkuu shukuru Mungu shemeji mvumilivu.

Dada wa Sinza
Ngoja nikupe yangu, hoteli siitaji jina. Tulienda mwaka juzi mimi na mume wangu, nikalipia mtandaoni kabisa chumba "chenye mandhari ya bahari", picha dirisha kubwa na mapazia meupe yanapepea. Tumefika, gari ikatuacha barabarani maana ndani haiingii, kijana akabeba begi langu kichwani tukamfuata kona kumi na kitu, chini pale mapokezi kuzuri mno mpaka nikamfinya mume wangu, taa za shaba, maji yenye maua ya asmini. Halafu ngazi. Zile ngazi za mbao zimesimama kama za kupandia mnazi na lifti hakuna, ghorofa ya nne, nafika juu nahema. Nafungua dirisha naona bati la jirani, tangi la maji jeusi, dishi, halafu katikati ya tangi na dishi kamstari ka bluu. Ndo bahari yenyewe hiyo. Nikawaita, dada akaja akachungulia akasema kwa upole kabisa "si ile pale."

Ila nisiwe mnafiki, kile kitanda sijawahi kulala kitanda kama kile, kirefu mpaka unapandia kistuli, ubavuni vioo vimechorwa maua, chandarua kama cha bi harusi. Kwa hiyo ukinambia nirudi narudi, ila chumba nitachagua mwenyewe.

Kahawa Chungu
Mie mtoto wa Kiponda, nimezaliwa humo humo, na nimefanya kazi kwenye hoteli hizi miaka sita, basi nkwambie ndugu yangu.

Unachokilipia ni nyumba. Hoteli ya kawaida vyumba vyote pacha, ukiona kimoja ushaona vyote. Hizi zilikuwa majumba ya watu, matajiri wa Kiarabu na Kihindi wa zamani, kwa hiyo chumba kimoja kilikuwa cha bibi mwenye nyumba na chengine kilikuwa stoo ya karafuu, na leo vyote vinauzwa na bei wakati mwengine hazipishani sana! Ndo maana huyo dada wa Sinza kapewa tangi la maji. Dawa yake usilipie "aina ya chumba", piga simu uliza chumba chenyewe, jina au namba, dirisha linatazama wapi, barazani, njiani au kwenye behewa, yaani ule ua wa ndani ya nyumba. Vya behewani havina mandhari lakini vina ubaridi na kimya. Waambie wakutumie picha ya dirishani imepigwa leo na simu. Akianza kuzungusha maneno ushajua.

Jengine, usishangae chumba kuwa chembamba na kirefu. Dari za zamani zimeshikwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi, basi upana wa chumba ukaishia hapo, urefu ndo ukaenda. Na ukiona ukuta unamenyeka rangi huku chini usiseme wachafu. Kuta za mawe na chokaa zinanyonya unyevu na chumvi, chokaa inapumua. Wanaopiga saruji juu yake ili ung'are ndo wanaoharibu, unyevu unakosa pa kutokea, mwaka wa pili plasta inavimba kama mandazi. Mji huu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, huwezi kuvunja ukuta uweke lifti kama unavyotaka. Miguu ikikusumbua omba chumba cha chini mapema.

Mtaa? Shangani karibu na bahari na Forodhani, bei kali, watalii wengi. Hurumzi na Kiponda ndani zaidi, unasikia majirani wanagombana na watoto wanakwenda chuoni, madrasa yani, mie huko ndo mji wenyewe. Malindi karibu na bandari na diko la samaki, pua yako itaamua. Ukipotea usiangalie simu, muulize mzee yeyote aliyekaa barazani. Na adhana ya alfajiri utaisikia popote, misikiti ipo kila kona, usije ukaandika malalamiko kama yule mgeni wetu aliyetuuliza inapunguzwa sauti vipi.

Mkwe wa Mbagala
Kahawa Chungu nimekuelewa sana aisee, hii ya picha ya dirishani naitumia. Ila dola mkuu, dola ndo inanitoa jasho.

Tozo na Nauli
Dola ni bei ya mgeni. Hapo umekosea kukata simu. Uliza "bei ya mkaazi", hoteli nyingi zinayo ila haiandikwi mtandaoni, tena ongea Kiswahili tangu salamu usijitie Kizungu, halafu nenda na kitambulisho cha NIDA wataomba. Ile bima ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024 ni ya wageni kutoka nje, wewe haikuhusu, kuna jamaa yangu nusura ailipe kwa woga. Na mwezi wa tano ni masika, nyingine zinafunga kabisa na zilizo wazi zinalia wateja, hapo bei unaishusha ukiwa umekaa. Mvua tu ndo utakula, hiyo chai ya juu ya paa utainywea chini ya turubai.

Kingine fanya hivi, siku mbili gesti yako ya Darajani, usiku mmoja wa mwisho butiki. Chakula usile hotelini, shuka Mkunazini au kapige urojo.

Dada wa Sinza
Tozo unataka kumvunjia mtu ndoa. Anza na butiki, siku ya kwanza ndo anapiga picha za kumtumia shoga yake. Hizo nyingine hata mkilala bandarini hatojali.

Mkwe wa Mbagala
Nimepiga tena ile ya Shangani, kwa Kiswahili safari hii. Bei imeshuka karibu nusu. Picha ya dirishani wamesema wanatuma, ni saa ya tatu sasa hivi nasubiri.

Kahawa Chungu
Achana nao. Njoo Kiponda.